Jibu: Usinakili programu ya Prolog kwa kila mteja

Ndugu yangu wa Changamwe, umeuliza kama unakili programu yako ya ada za kuhifadhi kontena, iliyoandikwa kwa Prolog (lugha ya kompyuta ya kanuni za mantiki), kisha uipunguze kwa mkono kwa kila wakala wa forodha hapo Kilindini. Usifanye hivyo, nakusihi. Kanuni moja ikibadilika utaikimbiza kwenye nakala zote, na mojawapo itakuponyoka.

Programu ya jumla ibaki moja, halafu zalisha toleo mahususi kwa kuikunjua, yaani kila wito (pale kanuni inapoita nyingine) uuweke mwili wa kanuni inayoitwa. Tuseme una kanuni hii, inayosema ada K ni bei B mara idadi ya siku:

ada(Mteja, Aina, Siku, K) :- bei(Mteja, Aina, B), K is B*Siku.

Kwenye jedwali la bei kuna mstari mmoja tu unaolingana na wakala_a, mathalani bei(wakala_a, baridi, 3000). Uweke mahali pa wito wake, utabaki na

ada_a(Siku, K) :- K is 3000*Siku.

Jedwali halitafutwi tena programu inapokimbia.

Penye kazi ni kwenye wito unaojirudia: ukikunjua ovyo hutamaliza. Ukikutana na wito wa sura uliyokwisha kuishughulikia, ukunje, yaani uweke mahali pake wito wa jina jipya ulilolipa sura hiyo (kama ada_a hapo juu). Watafiti Tamaki na Sato walieleza mwaka 1984 masharti ya kufanya hivyo bila kuharibu maana, na inafaa uyasome. Alama ya kukata (!), inayoizuia Prolog kujaribu njia nyingine, na write, inayochapisha kwenye skrini, zinahitaji uangalifu zaidi, maana masharti hayo ni ya mantiki tupu, hayakukingi hapo.

Bei ikipanda, rekebisha jedwali kisha uzalishe matoleo upya. Anza na ada peke yake, ulinganishe majibu yake na ya programu ya jumla kwa ankara za mwezi uliopita.