Kabla hujagawanya, uliza marehemu alikuwa anaishi wapi

Wewe uliyepewa meza ya takwimu za vizazi, ndoa na vifo, weka kikokotoo kando kwanza. Fungua daftari la vifo usome safu mbili: mahali alipofia mtu na makazi yake ya kawaida. Mwaka wangu wa kwanza nilisoma ile ya kwanza tu. Wilayani kwetu kulikuwa na hospitali ya rufaa, wagonjwa wakiletwa kutoka kila upande, nami waliofia pale nikawahesabu wote kuwa wetu. Kwenye ripoti tukaonekana tunakufa kuliko majirani zetu wote. Mkuu wangu aliisoma kimya, kisha akauliza, "Hawa wote walikuwa wanaishi hapa?" Nikaanza upya.

Tarehe nazo zina mtego wake. Kifo cha Desemba kilichosajiliwa Februari ni cha mwaka kilipotokea. Ukifunga hesabu mapema, utadhani mwisho wa mwaka watu waliacha kufa.

Kiwango ghafi cha vifo hupatikana kwa kugawanya vifo kwa idadi ya watu ya katikati ya mwaka, halafu unazidisha kwa 1,000. Vifo vya watoto wasiotimiza mwaka hugawanywa kwa vizazi hai, na hapo wengi huteleza. Tena tuseme wilaya ina vizazi hai 400 na vifo 4 vya watoto hao: kiwango ni 10 kwa kila vizazi hai 1,000. Mwaka unaofuata, vizazi vikiwa vilevile, wakifa 6 kinakuwa 15. Mtu atatangaza ongezeko la asilimia 50, kumbe ni watoto wawili. Unganisha miaka 3 au 5 ndipo useme kitu.

Ndoa hazisumbui sana: ndoa moja ni tukio moja, ingawa wahusika ni wawili.

Kinachonikera hadi leo ni hati ya kifo iliyoandikwa "moyo kusimama". Nani amekufa moyo wake ukiendelea kudunda? Tunachotafuta ni ugonjwa au jeraha lililoanzisha yote. Mpigie daktari mapema, kabla hajamsahau mgonjwa. Asipokumbuka, andika chanzo hakijulikani. Usimtungie marehemu ugonjwa.

Halafu kuna mtoto aliyevuta pumzi dakika chache akafa. Huyo alizaliwa hai, na lazima awe kwenye madaftari yote mawili. Mara nyingi nimemkuta kwenye la vifo peke yake, kana kwamba hakuzaliwa.