Jibu: Kufunga ziwa si kuua biashara ya dagaa?

Mkuu, umeuliza kama kusimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kama ilivyofanyika 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, si kuua biashara ya dagaa hapa Kigoma. Mfukoni inauma, hasa kwa kibarua anayelipwa kwa usiku aliovua. Ila samaki ndio mtaji, na ziwa hufungwa ili wazaliane. Ukila mtaji, faida utaitoa wapi? Kuongeza kipato, mimi ningeanzia nchi kavu, kwenye kuanika. Dagaa wakianikwa mchangani, mteja anatafuna chenga, na mvua ikiwakuta mzigo unaoza. Wa kwenye kichanja cha wavu wanapata hewa juu na chini, wanakauka upesi, bei yao nyingine kabisa. Kilo zilezile, hela zaidi. Mbao za kichanja si bure, najua, lakini kikundi kinamudu.