Tumbo Linalouma Asubuhi za Shule

Mtoto wa miaka saba hasemi, "Mama, nina wasiwasi." Anasema tumbo linauma, kichwa kinagonga, viatu vinabana. Wa miaka kumi naye hasemi ana huzuni. Anamfokea mdogo wake, anabamiza mlango, anarudisha daftari tupu. Watu wazima wengi husubiri maneno ambayo mtoto bado hana, na huku wakisubiri, dalili zinapita mbele yao zikiitwa kudeka, uvivu au utundu.

Hilo tumbo si uongo. Ubongo ukihisi hatari, mwili humwaga adrenalini, homoni ya kujihami, moyo hwenda mbio, damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli, na mmeng'enyo huvurugika. Maumivu ni ya kweli hata kama daktari hakuona kitu. Ukimwambia "huumwi, unajifanya", unamfundisha mambo mawili mabaya kwa mkupuo mmoja: kwamba mwili wake ni mwongo, na kwamba wewe si mtu wa kuambiwa.

Kwanza apimwe, maana minyoo, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo navyo huumiza tumbo. Homa, kutapika kila mara, kupungua uzito, damu kwenye choo au maumivu yanayomwamsha usiku ni ya daktari moja kwa moja. Hayo yakishaondolewa, chukua daftari uandike kwa wiki mbili: siku, saa maumivu yalipoanza, saa yalipokwisha, somo la kwanza siku hiyo, na saa aliyolala. Mstari mmoja kwa siku unatosha. Mara nyingi utaona mfuatano fulani: tumbo linaanza jioni ya kuamkia shule, au siku za hesabu tu, au siku za michezo, na likizo halipo kabisa. Nenda shuleni na daftari hilo. Mwalimu akisikia "mtoto wangu hapendi shule" hana pa kushika. Akiona kwamba maumivu huja siku za kusoma kwa sauti mbele ya darasa, ana pa kuanzia.

Kosa linalofanywa kwa upendo mkubwa kuliko yote ni kumbakiza nyumbani. Nafuu yake ni ya haraka mno: dakika chache baada ya kuambiwa "haya, baki", tumbo limetulia. Hapo ubongo unajifunza kuwa kukwepa ndiyo dawa, na kesho woga unarudi na nguvu zaidi. Siku tatu zinakuwa wiki, na juu ya woga wa mwanzo unapanda mwingine, wa masomo yaliyompita na wa wenzake kumuuliza alikuwa wapi. Isipokuwa pale anapopigwa, anaposhikwashikwa au kutishwa huko shuleni. Hapo hatari ikomeshwe kwanza. Hatumrudishi mtoto mikononi mwa anayemuumiza kwa hoja kwamba atazoea.

Kama hatari haipo, mrudishe kwa ngazi. Siku ya kwanza afike getini amsalimie mwalimu wake, basi. Inayofuata aingie vipindi viwili vya mwanzo, hasa vya masomo anayoyapenda. Kisha hadi mapumziko, kisha hadi mchana, kisha siku nzima. Kila ngazi mwulize woga wake ni ngapi kati ya sifuri na kumi. Alianza na nane akafika nne, panda. Bado ni nane, rudia hapohapo kesho, au ikate ngazi ile katikati. Usimrudishe nyumbani, na usimsukume juu. Mpango mwingi huvunjika siku ya tatu kwa sababu mzazi ameona mafanikio akataka kuruka ngazi mbili.

Kuagana getini kuwe kufupi: mkumbatie mara moja, mwambie nani atamchukua na wakati gani, ondoka. Ukigeuka mara tatu kumtazama, unamthibitishia kwamba kuna la kuogopa. Na usimtoroke akiwa anatazama pembeni. Mtoto aliyetorokwa mara moja atakulinda kwa macho wiki nzima, na yale masomo hatayasikia.

Mazungumzo ya jioni yana fundi wake. "Shule ilikuwaje?" huzaa jibu moja tu: "Nzuri." Na huulizwa wakati mbaya, mtoto ndiyo kwanza anaingia, ana njaa, na amejizuia kutwa nzima asilie wala asikasirike mbele ya watu. Mwache ale, apumzike, acheze. Kisha ongea naye mkiwa bega kwa bega, mnakunja nguo au mnatembea, kwa sababu kutazamana uso kwa uso humfanya ahisi anahojiwa. Dakika kumi kila siku, simu ikiwa mbali, zinashinda saa nzima ya mara moja kwa mwezi. Uliza kidogo na kwa umahususi: "Wakati wa mapumziko ulikaa na nani?" "Kuna kitu kimekukera leo?" Akijibu, hesabu moyoni hadi tano kabla ya kusema lolote. Mengi ya maana hutoka ndani ya hizo tano.

Akishasema, usikimbilie kutatua. Mrudishie alichosema: "Kwa hiyo walikuacha nje ya mchezo, ukajiona mpweke." Kuipa hisia jina huipunguza makali, na Kiswahili kimetujalia majina mengi kuliko tunayoyatumia na watoto. Tunawapa mawili tu, furaha na hasira, kisha tunashangaa kila kitu kinatoka kama hasira. Mfundishe tofauti ya aibu na fedheha, ya wivu na upweke, ya hofu na wasiwasi. Mwambie kinyongo ni hasira iliyobaki ndani siku nyingi. Watoto wa miaka minane wanaelewa hilo vizuri sana, na wakishalipata neno hulitumia.

Kupumua ni kifaa kizuri kinachoharibiwa na wakati wa kukitumia. Mtu hukifundisha kwa mara ya kwanza mtoto akiwa tayari analia na kurusha vitu, kisha anasema hakifanyi kazi. Fundisha akiwa ametulia, pumzi tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Mkono mmoja tumboni. Avute kwa pua akihesabu tatu, atoe kwa mdomo akihesabu tano, taratibu, kama anayepooza kinywaji cha moto bila kukimwaga. Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopunguza mapigo ya moyo. Mabega yakipanda, anapumua kwa juu juu. Mkono tumboni ndio usogee. Akisikia kizunguzungu amevuta mapafu tele na haraka, kwa hiyo apunguze ukubwa na mwendo wa pumzi. Wiki mbili au tatu za mazoezi hayo, ndipo kifaa kitapatikana siku ya dhoruba.

Dhoruba yenyewe ikija, punguza maneno. Shuka hadi kimo chake, sauti chini, hakikisha hakuna anayeumia, subiri. Sehemu ya ubongo inayopima sababu na matokeo haifanyi kazi vizuri wakati huo, kwa hiyo hotuba inapotea bure. Mazungumzo ya alichokosa yaje baadaye, labda nusu saa, akishakunywa maji na sura yake imerudi. Na yawepo kweli. Kumtuliza mtoto si kumfutia kosa: alichochana akigundishe, na kama amempiga mwenzake, amwombe radhi.

Darasani, kinachotuliza watoto wengi kwa gharama ndogo ni kujua kinachokuja. Andika ratiba ya siku ubaoni, na kama kipindi kimebadilika, sema asubuhi. Wasalimie kwa majina wakiingia. Kosa la mtoto lisahihishwe kwa sauti ya chini karibu na dawati lake. Acha kusoma alama mbele ya darasa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Yule wa mwisho anajua alipo, na sasa wenzake wote wanajua. Kona ya utulivu, yenye mkeka na picha chache za kuchora, husaidia mtoto kujikusanya kwa dakika tano hadi kumi kisha akarudi kazini. Lakini ukiitumia kama adhabu hata mara moja, hakuna mtoto atakayekwenda tena kwa hiari yake.

Fimbo tunaipinga waziwazi. Mtoto anayeogopa anatumia akili yake kumchunguza mwalimu, si kusoma swali, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika ibara ya 28, unataka nidhamu ya shule iheshimu utu wake.

Uonevu si ugomvi. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyeuchunguza kwa miaka mingi huko Norwei, aliutambua kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiarudia, na mmoja kuwa na nguvu kuliko mwenzake. Hilo la tatu ndilo linaloharibu suluhisho la "shikaneni mikono, yaishe". Aliye dhaifu hushika mkono kwa woga, kisha hulipishwa nje. Wasikilize mmoja mmoja, ukianza na aliyeumizwa. Uliza ni wapi hasa. Mara nyingi ni vyooni, kwenye korido au njiani, mahali pasipo na mtu mzima, na hapo ndipo pawekwe mtu. Mwulize tena baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki mbili, kwa sababu uonevu hutulia ukitazamwa na kurejea ukisahaulika.

Msiba ukitokea, tumia neno lenyewe: amekufa. Ukimwambia mtoto mdogo kwamba babu amelala, ataogopa kulala; ukisema amesafiri, atamngoja.

Usingizi usidharauliwe. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku, na skrini ikizimwa saa moja kabla ya kulala, kazi huwa rahisi.

Msaada wa mtaalamu utafutwe lini? Mabadiliko yakidumu zaidi ya wiki mbili, yakionekana nyumbani na shuleni pia, na yakimzuia kusoma, kucheza, kula au kulala. Kwa watoto sonona, ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, huweza kujitokeza kama hasira kuliko machozi. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani akaanza tena, aulizwe nini kimebadilika, asichekwe. Dodoso la maswali 25 kuhusu hisia na tabia za mtoto, alilolichapisha daktari wa akili Robert Goodman mwaka 1997, hutumika sana kuchuja nani anahitaji kuangaliwa zaidi, mzazi na mwalimu kila mmoja akijaza lake. Linaonyesha pa kutazama, halitoi jina la ugonjwa.

Mtoto akisema anataka kufa, hata kwa hasira, mwamini. Mwulize kwa maneno ya wazi kama amewaza kujiua na kama amepanga jinsi. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunamwonyesha kwamba linaweza kusemwa. Asiachwe peke yake, dawa, sumu na vitu vyenye makali viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Na akikuomba kabla hajasema, "Usimwambie mtu," usiahidi. Mwambie: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kutusaidia, na kabla sijawaambia, wewe utawajua kwa majina." Wengi hunyamaza kidogo, kisha wanaendelea kusema.