Toleo la Juu, Toleo la Kawaida, au Kufunga Vifaa Baadaye: Majibu kwa Wapanda Pikipiki

Barua tatu za mwezi huu, mbili kutoka Kigoma na moja kutoka Tabora, zinauliza jambo moja kwa njia tatu tofauti. Nimelijibu kwa kirefu katika barua ya kwanza, kwa sababu maelezo ya mwandishi wake yanatosha kulipima shauri lenyewe kwa vipimo na si kwa hisia.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mimi ni mfanyabiashara wa asali, naishi Ipuli, Tabora. Nimeendesha Boxer ya 150 kwa miaka sita, na sasa nimeweka akiba ya kununua pikipiki ya spoti, Kawasaki Ninja ZX-4R. Nimeambiwa ipo ya kawaida na ipo ya juu inayoitwa ZX-4RR, na mtu anayeniagizia kutoka Dar es Salaam anasema tofauti yake ikifika mkononi mwangu ni kama shilingi milioni 5. Rafiki zangu wanashauri nichukue ya kawaida, halafu fedha hiyo nifunge ekzosi, shokapu na vikorombwezo vingine taratibu. Nina uzito wa kilo 92, na safari zangu ni za Nzega, na mara moja moja Itigi. Nifanye lipi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kabla ya kuzungumzia bei, chukua karatasi uandike kila kitu ambacho toleo la juu linacho na la kawaida halina, kisha mbele ya kila kimoja ujibu swali hili: je, kitu hiki kinaweza kufungwa baadaye, na nani atakifunga? Visivyofungika baadaye ndivyo vinavyostahili kulipiwa kiwandani. Vinavyofungika vinaweza kusubiri mpaka umeiendesha pikipiki vya kutosha na kujua unahitaji nini.

Kwa ZX-4R na ZX-4RR, orodha hiyo ni fupi. Injini ni ile ile ya silinda nne na ujazo wa 399 cc. Fremu ni ile ile, matairi ni yale yale ya inchi 17, yaani 120/70 mbele na 160/60 nyuma, na mfumo wa kuzuia gurudumu la nyuma lisiteleze unapokaza mafuta upo kwenye matoleo yote mawili. RR inaongeza shokapu ya nyuma ya Showa iliyo bora zaidi, yenye marekebisho kamili. Inaongeza pia uwezo wa kurekebisha mkazo wa awali wa springi za mbele, pamoja na kwiki shifta, kile kifaa kinachokuwezesha kubadili gia bila kushika klachi. Vyote vitatu ni vitu ambavyo fundi makini anaweza kuvifunga baadaye kwenye toleo la kawaida.

Hali haiwi hivyo kila mara. Suzuki ilipotoa GSX-R1000 ya mwaka 2017, toleo la R lilikuja na ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokaza breki, inayotambua pikipiki imelala kiasi gani kwenye kona, na la kawaida lilikuwa na ABS isiyo na uwezo huo. Breki ya namna hiyo hutegemea sensa ya mwelekeo, pampu ya ABS na programu vilivyotengenezwa kufanya kazi pamoja, na hakuna gereji ya Tabora, wala ya Dar es Salaam ninayoifahamu, itakayokufungia mfumo huo na ukalala usingizi. Angalikuwa mtu ananiuliza kuhusu pikipiki hiyo, ningemwambia alipie toleo la juu bila kusita.

Sasa nirudi kwenye kilo zako 92, kwa maana hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Wanunuzi huamini kwamba shokapu yenye nati nyingi za kurekebisha itawatosha watu wa uzito wowote. Sivyo. Ile nati ya mkazo wa awali haifanyi springi iwe ngumu zaidi. Inabadili tu kimo ambacho pikipiki inakaa ukishaipanda. Ugumu wa springi umeamuliwa na unene wa waya wake, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko, na viwanda huchagua springi kwa kumfikiria mpanda farasi wa chuma aliye mwepesi kuliko wewe, hasa ukishavaa jaketi zito na kuweka begi mgongoni. Kwa hiyo unaweza kulipa milioni 5 zaidi, ukapata marekebisho yote ya RR, na bado ukawa umekalia springi laini mno kwa mwili wako.

Jambo hili nilijifunza kwa gharama. Duka moja la mjini liliniuzia shokapu ya nyuma ya gharama kubwa, nzuri kwa macho, na likanihakikishia kwamba inafaa uzito wowote. Miezi minne nzima nilikaza na kulegeza nati zake, na pikipiki ikaendelea kugonga chini kila nilipopita matuta ya vijijini. Siku tulipoifungua, springi yake ilikuwa na namba ya ugumu inayofaa mtu wa kilo 65. Springi peke yake, bila shokapu nzima, ingeniponya.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na unaweza kukifanya chini ya mwembe nyumbani kwako. Funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, kwenye bomba la shokapu ya mbele lililo laini na linalong'aa, uisukume mpaka iguse sili, ule mpira unaozuia oili isivuje. Mwombe mtu ainyanyue pikipiki mpaka shokapu inyooke kabisa, na upime umbali kutoka kwenye sili hadi mwisho wa bomba. Kisha uvae mavazi yako yote ya safari, ukae kwa utulivu miguu ikiwa juu ya vikanyagio huku mtu ameshika usukani, na upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili kwa pikipiki ya spoti ya barabarani inatakiwa iwe kati ya milimita 30 na 40. Ikiwa ni 50 hata baada ya kukaza nati hadi mwisho, springi ni laini kwako, na unachohitaji ni springi mpya na oili ya shokapu ya uzito unaofaa. Ukienda Nzega na kurudi, angalia tena ile kamba: mahali iliposukumwa ndipo shokapu ilipofika chini kabisa ilipogonga tuta au shimo.

Kuna na suala la vumbi letu. Ukitoka kwenye lami na kuingia mitaa ya Ipuli au Isevya wakati wa kiangazi, vumbi laini hujibandika kwenye bomba la shokapu, na kila shokapu inapopanda na kushuka, sili hulisaga. Dalili ya kwanza ni duara jembamba la tope jeusi juu ya bomba, kisha oili huanza kutiririka, na ikifika kwenye pedi za breki inakuwa hatari ya wazi. Hili huzipata shokapu za bei yoyote. Tofauti ni kwamba sili za shokapu ya kawaida fundi wetu anazibadili kwa mchana mmoja, ilhali shokapu yenye vyumba vya gesi na vali nyingi inataka vifaa maalumu, na mara nyingi hupakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam. Pikipiki isiyotengenezeka mahali unapoishi itakaa bandani zaidi kuliko itakavyokaa barabarani, na hilo ni la kulihesabu katika bei.

Kuhusu kodi, kumbuka kwamba ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani ya chombo pamoja na bima na usafirishaji, na VAT ya asilimia 18 hukokotolewa baada ya ushuru huo kujumlishwa. Ndiyo maana tofauti ndogo ya bei huko kiwandani inakuwa milioni 5 ikifika kwako. Hata hivyo, vifaa unavyoviagiza baadaye navyo hulipiwa, na ukivinunua kimoja kimoja unalipa usafiri mara nyingi. Nisikufiche: kama moyo wako unataka shokapu ya nyuma ya daraja lile, marekebisho ya mbele na kwiki shifta, vyote vitatu, basi RR itakutoka nafuu kuliko kuvikusanya. Ushauri wangu wa kuchukua ya kawaida unamfaa mtu asiyevihitaji vyote, na kwa maelezo yako, wewe ni mmoja wao.

Kwa barabara ya Nzega, ambayo kwa sehemu kubwa ni kunyooka, na penye makazi unatakiwa ushuke hadi kilomita 50 kwa saa, ningetumia fedha yako kwa utaratibu huu. Kwanza kofia ngumu nzuri inayofunika uso wote, jaketi, glavu na buti, kwa kuwa unatoka kwenye Boxer kwenda kwenye chombo chenye nguvu mara kadhaa zaidi. Kisha springi zinazolingana na uzito wako, mbele na nyuma. Kisha weka akiba ya seti moja ya matairi, kwa sababu saizi hizo huwezi kuzipata kirahisi Tabora siku tairi litakapopasuka. Chagua yale ya spoti yaliyokusudiwa safari ndefu, yanayopata joto haraka na kudumu, na uache yale ya kiwanja cha mashindano. Usome pia namba nne za tarehe pembeni mwa tairi: 2423 maana yake limetengenezwa wiki ya 24 ya mwaka 2023, na tairi lililokaa dukani miaka sita siyo jipya hata likiwa na nywele zake zote. Baada ya hapo, pedi bora za breki, na oili ya breki ibadilishwe kila baada ya miaka miwili kwa kuwa hunyonya unyevu.

Ekzosi niliiacha makusudi. Kubadili mafla ya mwisho peke yake kunapunguza uzito kidogo na kuongeza sauti nyingi, lakini nguvu ni kidogo mno usiweze kuihisi. Ukibadili mfumo mzima, kompyuta ya injini inatakiwa ipangwe upya ili mchanganyiko wa mafuta na hewa usiwe mwepesi kupita kiasi, na kazi hiyo inaweza kukunyima dhamana ya kiwanda. Kama una bima kubwa, mwambie wakala wako kila kifaa ulichokiongeza, na kiandikwe kwenye mkataba, vinginevyo siku ya ajali utalipwa thamani ya pikipiki kama ilivyotoka dukani.

SWALI: Mimi ni mwalimu, niko Mwanga, Kigoma. Nataka Yamaha R15, na nimevutiwa na R15M kwa sababu inaonekana ya mashindano kweli. Vilima vya hapa kwetu, hasa kupanda kutoka Kibirizi, vinanitia wasiwasi. Je, M itapanda vizuri zaidi?

JIBU: Hapana, Mwalimu. Injini ya 155 cc ni moja kwa zote mbili, na fremu pia. Tofauti zilizopo, kulingana na mwaka na soko, ni rangi, kaliper za breki zenye rangi ya dhahabu, kwiki shifta na skrini. Injini hii hupata nguvu yake ikizunguka kwa kasi kubwa, kwa hiyo kwenye kilima cha Kibirizi ukiwa umebeba mtu, itakubidi ushuke gia mapema na usiogope sauti yake. Ikiwa bado inakusumbua, badili sproketi ya mbele: kutoka meno 14 kwenda 13 kunaongeza mvuto wa gurudumu kwa takriban asilimia 8, na kunapunguza mwendo wa juu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Fanya hivyo cheni na sproketi zote zikiwa zimefikia kubadilishwa, kwa maana sproketi mpya juu ya cheni iliyochoka huisha haraka. Chukua ya kawaida, na uhakikishe tu kwamba ile unayouziwa ina ABS, kwani hicho ndicho kitu usichoweza kukiongeza.

SWALI: Kuna mtu anauza Ducati Panigale V4 S iliyotumika, Dar es Salaam, kwa bei inayokaribia ya V4 ya kawaida. Mimi ni mwanamke wa Ujiji, nina uzoefu wa miaka mingi na pikipiki kubwa, na napenda kwenda Kasulu mwishoni mwa wiki. Ninunue?

JIBU: Dada yangu, uzoefu wako siutilii shaka. Pikipiki hiyo, iliyoanza kutoka mwaka 2018, ina injini ya 1103 cc katika matoleo yote mawili, na breki pamoja na sensa za usalama ni zile zile. Herufi S inakuletea shokapu za Öhlins zinazojirekebisha kwa umeme, rimu nyepesi za Marchesini na betri ya lithiamu. Kwa maneno mengine, unacholipia zaidi ni kile ambacho Kigoma hakina mtu wa kukitengeneza. Betri ya lithiamu haitaki chaja ya kawaida ya betri za maji, na shokapu ya umeme ikigoma, fundi bila kompyuta ya uchunguzi hana pa kuanzia.

Ukaguzi wa vali za injini hii hufanywa kila kilomita 24,000, ni kazi ya gharama, na wauzaji wengi huuza chombo kinapoikaribia. Kwa hiyo uliza imetembea kilomita ngapi na uombe stakabadhi za matengenezo. Muuzaji aiwashe pikipiki mbele yako, na ubadili hali za uendeshaji moja baada ya nyingine huku ukitazama kama skrini inaonyesha hitilafu yoyote ya shokapu. Ikiwa stakabadhi zipo, na upo tayari kuipeleka Dar es Salaam kila inapohitaji huduma, barabara ya lami kutoka Kidahwe hadi Kasulu itakufurahisha. Ikiwa stakabadhi hazipo, iache hata akipunguza bei, na umtafute mwenye V4 ya kawaida, ambayo shokapu zake hurekebishwa kwa mkono na spana.