Angalia chumba kabla ya hita: kwa fundi anayeanza

Wewe uliyemaliza juzi mafunzo ya amali, Mkokotoni au Vitongoji, na sasa unabeba mkoba wa spana nyuma ya fundi mkubwa, shika hili kwanza: ukiitwa kufunga hita ya maji ya gesi, hita iache kwenye boksi. Zunguka chumba.

Mimi hakuna aliyeniambia. Kazi yangu ya mwanzo peke yangu ilikuwa nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ghorofa ya pili. Mwenye nyumba alitaka hita ikae ndani ya chumba cha kukogea, nyuma ya mlango, ili bomba liwe fupi. Kuutoboa ule ukuta mnene wa mawe na chokaa kulitaka ruhusa na siku mbili za kazi, nami nilikuwa na hamu ya kumaliza. Nikaifunga bila dohani, yaani bomba la kutolea moshi nje, nikijiambia dirisha lipo.

Wiki ya tatu nikaitwa mbio. Dada anayesafisha vyumba alikuwa akifua mashuka kwa maji ya moto, mlango kaufunga, na dirisha mtu alishaliziba kwa nailoni kwa ajili ya mbu. Tulimkuta kakaa chini, kaegemea ndoo, macho wazi lakini hajibu. Tulimtoa mpaka uani, tukamkimbiza hospitali, akatiwa oksijeni, na alhamdulillahi akapona. Nilipopanda tena juu nikaona ukuta mweupe juu ya hita una masizi, kama mgongo wa sufuria ya kuni. Moto niliouacha buluu ulikuwa umegeuka manjano, unapepesuka.

Hesabu yake ni hii. Hita ya lita 10 kwa dakika, ikiwaka kwa nguvu zote, inakula hewa kiasi cha mita za ujazo 20 kwa saa. Chumba cha kukogea cha mita 2 kwa 1.5, dari mita 2.5, kina mita za ujazo 7.5 tu. Hewa ikipungua, gesi haiungui sawasawa na inatoa kaboni monoksidi. Hii haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu ya mtungi unaovuja imetiwa makusudi. Huku hakuna harufu ya kukuzindua. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, tumbo linamchafuka, anadhani ni malaria. Ukisikia mteja anaumwa kila akikoga na akitoka nje anapata nafuu, mwambie azime hita saa hiyo hiyo, kisha uende.

Mahali pazuri kuliko pote ni nje: uani au kwenye roshani iliyo wazi, chini ya kipaa cha kuzuia mvua. Ikilazimu ndani, basi iwe chumba chenye ukuta wa nje, si cha kulala wala cha kukogea, na chenye tundu mbili zisizofungika. La juu, karibu na dari, ni la kutoa joto na moshi. La chini liwe usawa wa sakafu, kwani gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini kama maji na kujaa mashimoni. Kwa hiyo mtungi usiuweke chini ya ngazi wala karibu na shimo la maji machafu. Tundu usizitie wavu wa mbu, maana kwetu vumbi na chumvi huuziba kwa miezi michache.

Dohani ipande juu, kona ziwe chache, na isiguse boriti za dari, kwa sababu ni mti mkavu. Pwani ya Nungwi au Paje tumia chuma cha pua kisichoshika kutu. Bati la kawaida huliwa na chumvi mpaka likatoboka. Na uliza upepo. Nimeona hita iliyokaa vizuri kaskazi nzima, kusi ilipoingia moshi ukarudi ndani, kwa kuwa mdomo wa dohani ulielekea kusini bila kofia.

Viungio pima kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Halafu funga milango na madirisha yote, washa feni ya kutolea hewa kama ipo, iache hita iwake dakika 10, kisha shika kijiti cha udi kinachofuka kwenye ukingo ambapo hita inaungana na dohani. Moshi wa udi uvutwe ndani. Ukikurudia usoni, zima, fungua madirisha, na usiikabidhi kazi.

Mwenye nyumba akikataa kutobolewa tundu, funga mkoba uondoke, hata kama kodi ya nyumba inakusubiri. Ile hita ya kwanza niliihamishia uani kwa pesa zangu. Yule dada bado yupo pale, na kila nikipita huingia kuangalia rangi ya moto.