Binti wa miaka 10 kusaidia banda la farasi ili apunguziwe ada: jibu refu kwa dada aliyeuliza

Dada, nimesoma swali lako. Unasema shamba la farasi la jamii upande wa Ngong limekubali kumpunguzia binti yako ada ya kupanda mradi kila Jumamosi asubuhi asaidie bandani, na baba yake anasema huo ni utumikishaji wa watoto. Mimi nilianza kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, kule mtaa wa Karen nilipomaliza shule na siku hizi nafundisha watoto kwenye shamba la aina hiyo hiyo, kwa hivyo wacha niongee vile ninavyojua.

Mpeleke. Ila babake ana hoja na msiipuuze. Sheria ya kazi ya Kenya ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 13, kazi ya aina yoyote ile, na binti yako ana 10. Sasa kama wamemweka kwenye ratiba, asipofika kuna farasi hatalishwa ama banda halitasafishwa, hapo wamempata saisi wa bure. Lakini kama saisi yupo na kazi inaenda hata mtoto asipokuja, na yeye anasimama naye anafunzwa, hayo ni masomo, tena kwangu ni nusu kubwa ya masomo yenyewe. Waambie wampunguzie ada kwa sababu ni shamba la jamii, isihesabiwe kwa masaa aliyofanya kazi. Wakikataa hilo, mtakuwa mmejua.

Kwa nini nasema ni nusu ya masomo? Mtoto akiletwa, akapandishwa juu, akazungushwa nusu saa na kushushwa, farasi kwake ni pikipiki. Huyo ndiye anayepiga teke tumboni farasi akikataa kwenda. Aliyempiga brashi asubuhi ameshaona masikio yakilala nyuma mkanda wa tandiko ukikazwa, ameona pale mgongoni ngozi inaruka ukigusa, anakwambia mwalimu huyu leo anaumwa hapa, na saa zingine anaona kabla yangu. Kuna kakijana mmoja alikataa kupanda poni, farasi mdogo, akasema anachechemea mguu wa mbele, nikamtembeza huyo poni kwenye lami nikasikiliza hatua zake, kweli kabisa, msumari wa kiatu chake cha chuma ulikuwa umeingia vibaya.

Kitu ningetaka binti yako afunzwe mapema ni kusafisha kwato. Anasimama ubavuni karibu na bega akiangalia mkiani, anateremsha kiganja kutoka begani polepole mpaka chini ya goti, anabana kidogo ile mishipa ya nyuma ya mguu, farasi anahamisha uzito na kuinua mguu mwenyewe bila kuvutwa. Anachokoa matope kutoka kisigino kwenda mbele, akienda pole kwenye ile sehemu laini yenye umbo la V katikati, na hapo pua inafanya kazi, kwato inayooza ina harufu kali hautaisahau na utaona uchafu mweusi unaonata, maana yake farasi analala kwenye maranda yaliyolowa mkojo na hakuna mtu anayeyabadilisha. Nawe ukienda kutembelea hilo shamba omba uinuliwe kwato moja tu. Itakueleza zaidi ya ofisi yao.

Tena uende mapema, saa kumi na mbili asubuhi hivi, kabla wageni hawajafika. Angalia kama wanapewa nyasi kabla ya nafaka. Tumbo la farasi ni dogo ukilinganisha na mwili na hawezi kutapika, kwa hivyo akikaa usiku na njaa halafu apewe nafaka nyingi kwa mpigo anaweza kupata msokoto wa tumbo, anaparapara chini, anageuka kuangalia ubavu wake, anajibwaga na kujiviringisha, na asipotibiwa haraka anaweza kufa. Farasi wa kilo 450 anahitaji karibu kilo 9 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 30 na zaidi kukiwa na jua. Ndio maana ada iko vile ilivyo jameni, kiangazi kikikaza na bei ya boma rhodes, hiyo nyasi kavu tunayonunua, ikipanda, shamba la jamii linaumia kweli kweli, na mimi naheshimu sana wanaoendelea kulisha vizuri wakati huo hata kama rangi ya ukuta imebanduka.

Uliza pia farasi atakayepandishwa alikuwa anafanya nini zamani. Wengi hapa Nairobi ni wastaafu wa mbio, wametoka Ngong Racecourse, ni farasi wazuri wenye akili, lakini walifunzwa kuegemea lijamu na kwenda mbio, wanataka muda wa kufunzwa upya kabla ya kumbeba mtoto asiyejua kushika hatamu. Wa binti yako awe mzee, mtulivu, aliyebeba watoto wengi.

Jambo ambalo ningependa umwandae nalo ni ugonjwa. Kuna homa ya farasi ya hapa Afrika, inaletwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu vinavyouma kuanzia jioni mpaka alfajiri, inachachamaa mvua zikinyesha. Punda milia anabeba virusi bila kuonekana mgonjwa, na sisi mbuga iko jirani. Mwaka 1987 punda milia waliotoka Namibia waliupeleka mpaka Uhispania. Chanjo ipo na inarudiwa, shamba lolote la maana litakuonyesha kadi, na farasi wanaingizwa ndani kabla jua halijazama. Lakini bado tunawapoteza wengine. Tulipoteza jike mmoja watoto walimpenda sana, jioni alikuwa na homa, asubuhi mashimo ya juu ya macho yamevimba, povu puani, hakufika usiku. Wazazi wengine walitaka tuseme ameuzwa. Nilikataa. Watoto waliambiwa ukweli, wakalia, na Jumamosi iliyofuata walikuja wote.

Halafu umegusia kwamba mtoto wa dada yako ana shida ya miguu. Muulizie pia. Mwendo wa farasi akitembea unasogeza nyonga ya aliyempanda karibu sawa na mtu anayetembea kwa miguu yake, na joto la mwili wake linalegeza misuli iliyokaza, kwa hivyo kuna watoto wanakaa wima juu ya farasi ambao kwenye kiti wanainama. Lis Hartel wa Denmark alipooza miguu chini ya magoti kwa polio, na mwaka 1952 kule Helsinki alichukua medali ya fedha ya Olimpiki akiwa juu ya farasi. Ila lazima daktari akubali kwanza, na wawepo watu wa kutembea pande zote mbili, bila hivyo usimpandishe.

Ya usalama sitazunguka. Mtoto asiingie bandani peke yake, asipite nyuma ya farasi kimyakimya kwa sababu pale nyuma haoni, aje kutokea begani akiongea. Asiingie wakati wa kulisha. Asijifunge kamba mkononi. Atakusanya samadi, sawa, lakini toroli lililojaa ni la mtu mzima.

Kuhusu nguo ulizouliza, usikimbilie kununua buti za bei. Suruali ndefu isiyobana na viatu vya kufunga vyenye kisigino kidogo vinatosha kuanzia, hicho kisigino ndicho kinazuia mguu usipenye kwenye kikuku, ile pete ya chuma ya kukanyagia. Raba bapa hapana. Helmeti ndiyo usiibahatishe, iwe ya kupandia farasi, ya baiskeli haifai, imkae kichwani bila kucheza na kamba ya kidevu ifungwe, na kama ni ya kuazima pale shambani waulize kama imewahi kuanguka na mtu, wakijibu ndiyo ama hawajui, omba nyingine.