Kwa mnaoanza kusafisha Stolpersteine Berlin: soma kwanza ndo usugue

Wadogo zangu mliofika Berlin mwaka huu mkaniuliza ile kazi ya kusafisha mawe ya kumbukumbu ya waliouawa na Wanazi tarehe 9 Novemba inakuaje, ngoja niwaambie maana mi mwaka wa kwanza niliharibu. Nilienda na steelwuli, ile ya kusugulia masufuria, nikajua shaba ni shaba tu, nikasugua mpaka bibi mmoja wa kikundi chetu akanishika mkono. Jiwe likabaki na mikwaruzo, hadi leo nikipita pale naangalia pembeni. Bebeni sponji laini, maji, Brasso (dawa ya kung'arishia shaba) na kitambaa kikavu cha kumalizia, na kitu cha kupigia magoti, Novemba huku chini panauma kwa baridi.

Kwa asiyejua, Stolperstein ni kijiwe cha zege chenye bamba la shaba juu, sentimita 10 kwa 10, kinachimbiwa njiani mbele ya nyumba alikokuwa anaishi mtu aliyeteswa na Wanazi, wengi wao Wayahudi. Msanii Gunter Demnig ndo alianza miaka ya 90, na 2023 wakaweka la 100,000 kule Nürnberg. Tunasafisha tarehe 9 Novemba kwa sababu usiku huo mwaka 1938 masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yalichomwa Ujerumani nzima.

Ila kosa kubwa la wageni siyo steelwuli, ni kusugua bila kusoma. Maneno ni machache na kila moja lina uzito wake. Hier wohnte, hapa aliishi. Jg. ni mwaka wa kuzaliwa, piga hesabu uone kama alikuwa mtoto. Ermordet ni aliuawa, na ukiwatafsiria wageni waliotoka nyumbani usiseme alifariki, wala alitangulia mbele za haki, najua sisi tumezoea kulainisha kifo lakini hapa ukilainisha unakuwa umemfichia muuaji. Flucht in den Tod utaiona pia, alikimbilia kifo, yani alijiua kabla hawajamfikia.

Alafu deportiert. Sisi wa viza tukisikia kudipotiwa tunajua ni kurudishwa kwenu, sasa hawa ni kinyume kabisa, walitolewa kwao, kwenye nyumba zao wenyewe, wakapakiwa treni wakauawe mbali. Ukitaka ikuingie nenda stesheni ya Grunewald, jukwaa la 17, treni ya kwanza ilitoka hapo tarehe 18 Oktoba 1941. Ukingoni kuna mabamba ya chuma 186, tembea taratibu usome tarehe, idadi ya watu na walikopelekwa. Mi hapo ndo paliniingia kuliko ile kumbukumbu kubwa ya Wayahudi waliouawa, ya nguzo 2,711, karibu na lango la Brandenburger Tor, ingawa na kule mwende, shukeni na chini kwenye maonyesho, na tafadhali msipande juu ya nguzo kupiga selfi.

Mtakutana na Myahudi asiyependa haya mawe, anaona majina yanakanyagwa. Mji wa München hawaruhusu kuyaweka kwenye njia za umma kwa hoja hiyo hiyo. Usibishane naye, msikilize.

Na kuna jiwe moja mtaa wa Brunnenstraße, siyo la Myahudi ila nawapeleka wote wanaotoka kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, alikuwa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto, baadae akahamia Berlin, akafundisha Kiswahili na kuigiza kwenye sinema. 1941 wakamkamata kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akafia kambi ya Sachsenhausen 1944. Huku alijulikana kwa jina la Mohamed Husen. Mara ya mwisho nipo pale nimepiga magoti na Brasso yangu akasimama mzee Mjerumani na mbwa wake, akauliza huyu ni ndugu yako, nikamwambia hapana, ni wa kwetu tu. Akaomba kitambaa, akamalizia yeye.